Kifaru Hulingana na Nini

Kwanza yalikuwa makofi. Yalivuma kama mvua ya mawe juu ya bati, yakatulia, yakaanza upya, na katikati yake mtu akawa anapiga meza kwa ngumi kama anayedai chakula. Ndipo mama alipofunua kitambaa kilichoifunika redio, akaipangusa mafuta usoni, akaongeza sauti.

"Wamepitisha!" akaita. "Sajini! Acha hizo sahani. Wamepitisha sheria yenu!"

Sajini alikuwa amechuchumaa nyuma ya banda la chakula la mama, mikono imezama ndani ya beseni la sabuni. Alirudi kutoka jeshini msimu wa mvua uliopita, baada ya kuendesha kifaru cha vita muda ambao wenzake wa shule waliolewa, wakaachika, wakaolewa tena. Hakurudi na mume wala kiwanja. Alirudi na sanduku moja, cheti chenye mhuri, nishani, na mazoea ya kuamka kabla ya jogoo na kutandika kitanda kikanyooka kiasi kwamba paka wa mama aliogopa kukipanda. Jina lake la nyumbani lilikwishasahaulika. Hata mama alimwita Sajini, tena kwa maringo, wateja wasikie.

"Sheria gani, mama?"

"Ya kuwarejesha mashujaa uraiani. Wewe si shujaa?"

"Mimi naosha sahani."

"Basi ni shujaa anayeosha sahani. Nyamaza, anasema."

Aliyesema alikuwa Mheshimiwa aliyeitunga sheria yenyewe, mbunge wao. Sauti yake ilikuwa nene, imelishwa vizuri. "Ujuzi wowote alioupata shujaa jeshini utatambuliwa uraiani kwa kiwango kinacholingana nao! Hakuna shujaa atakayelala njaa katika nchi aliyoilinda!" Makofi tena. Meza tena.

Fundi viatu, ambaye benchi lake liliegemea banda la mama tangu Sajini akiwa na meno ya utoto, aliinua kichwa na misumari midomoni.

"Sauti hiyo naijua. Ndiyo iliyotujengea choo cha soko."

"Choo kipi, mjomba?" Sajini akauliza. "Mbona sijakiona?"

"Utakionaje? Kimo ndani ya sauti."

Mama alimrushia fundi kitambaa, lakini alikuwa anacheka. Siku hiyo alikuwa na haki ya kucheka. Binti yake alitaka jambo moja tu uraiani: kuendesha basi la shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Alikwishakwenda kuomba. Mwalimu mkuu alimpenda, akampenda hata kwa namna alivyokaa kwenye kiti, kisha akaitazama leseni yake na uso ukamshuka. "Imeandikwa kifaru," alisema. "Mwanangu, wazazi nitawaambia nini?" Sasa sheria imepita. Kifaru kitatambuliwa. Mama alimwona tayari binti yake juu ya usukani, watoto wakiimba nyuma.

*

Kamati ya Ulinganisho ilikaa katika chumba chenye viti vingi kuliko madirisha. Nje, kwenye benchi, Sajini aliwakuta wenzake wawili wakitoka. Mmoja alikuwa mpiga tarumbeta wa kikosi. Kamati ilikuwa imemtafutia kazi inayolingana na pumzi zake: kupuliza maboya katika bwawa la kuogelea la hoteli. Wa pili alikuwa mlenga shabaha, mtu mwenye jicho la mwewe, aliyewahi kupewa nishani. Huyo alipelekwa posta kugonga mihuri.

"Wamesema nina uwezo wa kupiga mahali panapotakiwa," alieleza.

"Ukakubali?"

"Nimeoa, Sajini."

Ndani walikuwapo watatu. Mwenyekiti alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Katibu aliandika. Mjumbe wa tatu alikuwa amelala, kidevu kifuani, kwa utulivu wa mtu ambaye posho yake haiwezi kukimbia.

"Shujaa wetu!" mwenyekiti akasema bila kuinua macho. "Karibu uraiani. Uliendesha nini?"

"Kifaru, mwenyekiti. Naomba leseni ya basi la shule."

"Taratibu. Hapa hatuombi, hapa tunalinganisha. Kifaru kina magurudumu?"

"Kina minyororo ya chuma. Magurudumu yamo ndani ya minyororo."

"Na basi la shule lina minyororo?"

"Halina."

"Basi havilingani."

"Lakini basi ni jepesi zaidi, mwenyekiti. Aliyebeba gunia hashindwi na kikapu."

Mwenyekiti alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akamtazama kwa huruma. "Sajini, sheria haikusema wepesi. Imesema kulingana. Tukianza kugawa leseni kwa wepesi, rubani wa ndege za kivita atakuja hapa kudai baiskeli. Katibu, ni kitu gani uraiani kina minyororo?"

Katibu akafikiri. "Mbwa, mwenyekiti."

"Chenye injini!"

Barabarani nje mashine kubwa ilikuwa inapita, na vioo vya dirisha vikatetemeka kwenye fremu. Mjumbe aliyelala alikunja uso, akageuza kichwa upande wa pili. "Hilo buldoza nalo," akanung'unika, akaendelea kulala.

"Buldoza!" mwenyekiti akashangilia, akagonga meza. "Andika katibu. Kwa kauli moja."

Ndivyo kifaru kilivyolinganishwa. Na Sajini, ambaye aliwahi kuvuka mto chini ya risasi bila kumeza mate, alimeza mate.

"Na nikikataa, mwenyekiti?"

"Kifungu kipo. Shujaa atakayekataa kazi inayolingana atahesabiwa kuwa amekataa kurejea uraiani."

"Kwa hiyo nitakuwa bado askari?"

"Hapana. Jeshi limekwishakuachia."

"Nitakuwa nani sasa?"

Mwenyekiti akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi wa kwanza. "Hapo sheria imenyamaza," akasema. "Inasubiri kanuni."

Akamkabidhi leseni mpya kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Katibu akapiga makofi peke yake.

*

Buldoza ya manispaa ilikuwa ya njano, na ubavuni palikuwa pameandikwa SHUJAA KAZINI kwa rangi mpya. Rangi hiyo ilipakwa kwa haraka. Chini yake neno HATARI lilikuwa bado linasomeka. Sajini aliizunguka, akagusa minyororo, akapanda, akawasha. Hakuwa na kinyongo na mashine. Mashine haikutunga sheria. Kwa juma zima alisawazisha jalala la mji, akachimba mtaro, akarudi nyumbani na vumbi puani, na mama akawaambia wateja kwamba binti yake ni mtumishi wa umma.

Kisha Afisa wa Mipango akamwita ofisini. Alikuwa kijana wa rika la Sajini, shati jeupe, viatu vilivyochongoka kama vinavyotaka kumtangulia mwenyewe. Alitandaza ramani juu ya meza, akaweka kidole.

"Keshokutwa asubuhi. Ukanda huu wote, kutoka kwenye kona mpaka ukuta wa shule. Husafishi, unafuta. Mabanda yote."

Sajini alitazama kidole. Chini ya ukucha wake palikuwa na banda la mama, benchi la fundi viatu, na njia aliyojifunzia kutembea.

"Hapo patajengwa nini, Bwana Afisa?"

"Jengo la Mashujaa!" Afisa akatabasamu, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. "Ghorofa nne. Kamati ya Ulinganisho imebanwa sana pale ilipo. Na Mheshimiwa mwenyewe atakuja keshokutwa kukupa mkono, shujaa wa kwanza aliyenufaika na sheria yake. Waandishi wa habari watakuwepo."

"Hapo pana banda la mama yangu."

"Lako hasa?"

"La mama yangu. Nimesomeshwa na hilo banda."

Afisa alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea ramani. "Basi una bahati," akasema. "Jengo ni lenu. Mama wa shujaa ataliona kila siku."

"Ataliona kutoka wapi?"

"Kutoka popote atakapokuwa. Ni ghorofa nne, Sajini."

"Nipangie kazi nyingine. Mpe dereva mwingine hii."

"Dereva mwingine hana cheti cha jeshi, hana nishani, hana sura ya kutolewa gazetini. Mheshimiwa anakuja kukutazama wewe. Ukikataa, kifungu unakijua." Akakunja ramani. "Au unataka kuwa mtu anayesubiri kanuni?"

Jioni hiyo Sajini alimweleza mama, akiwa amesimama, kama anayetoa ripoti. Mama alikuwa anachagua mawe kwenye maharage. Hakuacha kuchagua.

"Ukikataa wanakunyang'anya leseni?"

"Ndiyo."

"Na basi la shule?"

"Bila leseni hakuna basi, hakuna buldoza, hakuna hata toroli, mama."

"Na ukikubali, mimi ndiyo basi."

Mama alitupa jiwe nje ya sinia, likagonga ukuta.

"Nilisimamisha hili banda wewe ukiwa mgongoni kwangu. Nguzo ya kwanza niliichimbia kwa kijiko. Sitakwambia ufanye nini, mwanangu, maana nikikwambia kataa utasema mama alininyima kazi, na nikikwambia bomoa nitajichukia mimi. Amua mwenyewe. Ila ukija na hilo dude lako, usije na njaa. Utakunywa chai kwanza, kama watu wengine."

Fundi viatu, ambaye hakuwa na haya ya kusikiliza, akasema kutoka upande wa pili wa bati: "Na mimi uniachie benchi! Kucha zangu zote za gumba ziling'okea hapo kwa nyundo."

Hakuna aliyecheka.

*

Asubuhi ya siku yenyewe soko halikufunguliwa, ila halikufungwa pia. Wanawake walisimama mbele ya mabanda yao, mikono viunoni, kila mmoja na chombo chake: huyu sufuria, huyu ufagio, huyu mtoto. Mgambo wa manispaa walisimama upande wa pili wa barabara wakijifanya kutazama mawingu. Mama alikuwa amewasha moto na birika linachemka, kwa sababu hakuona sababu ya kutochemsha.

Sajini aliingiza buldoza mwanzo wa ukanda, akainua lile bamba la chuma la mbele, akasimama hapo injini ikinguruma. Usiku kucha alikuwa ameitafuta njia ya tatu kati ya kazi na mama, asiipate. Alipanda kwenye kiti akiwa hajaamua. Mkono ukaenda kwenye mpini wa gia. Ukagoma.

Haukugoma kwa ushujaa. Uligoma kwa mazoea. Bamba likiinuka, dereva haoni ardhi ya karibu mbele yake, anaona chuma tu, na jeshini kifaru hakisogei kambini, hata hatua moja, bila mtu wa mbele: mtu anayetembea kwa miguu mbele ya mashine, ana kwa ana na watu, akimwonyesha dereva njia kwa mikono. Kikosi cha Sajini kilijifunza hilo kwa msiba. Kijana wa stoo alipita mbele ya kifaru akiwa amebeba sinia la chai. Dereva hakumwona. Dereva yule hakuendesha tena, na baada ya hapo hakuna mkono wa kikosi kile uliowahi kugusa gia kabla macho hayajamwona mtu wa mbele.

"Twende, Sajini!" Afisa alipiga kelele kutoka kwenye gari lake, kioo kimeshushwa kiasi cha kupitisha sauti tu.

"Mtu wa mbele yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtu wa kutembea mbele ya mashine. Sioni mbele. Pana watu na watoto."

"Basi chukua mgambo yeyote!"

"Si yeyote, Bwana Afisa. Aliyeamuru ndiye anayetangulia, au aliye mkubwa kuliko yeye. Ndivyo tulivyofunzwa. Ili amri ikiwa na kosa, akanyagwe wa kwanza mwenyewe."

Afisa alitazama ule ukanda. Alitazama wanawake, akatazama sufuria zao. Viatu vyake vilivyochongoka havikutoka garini.

"Mimi nimetekeleza tu," akasema. "Aliyeamuru ni mkurugenzi."

Mkurugenzi akapigiwa simu. Mkurugenzi alikuwa kwenye kikao, na hata kama asingekuwa, amri ilitoka kwa Kamati. Mwenyekiti wa Kamati akapigiwa. Alisema Kamati inalinganisha, haiamuru. Simu ilizunguka kama sahani ya sadaka, kila mtu akiipokea na kuisogeza kwa jirani. Buldoza ilinguruma pale pale. Fundi viatu akaketi kwenye benchi lake, akaanza kushona.

"Afande!" akamwita Sajini. "Wakishindwa kabisa, mimi nitatangulia, lakini kwa kwenda huko kwao!"

Ndipo msafara wa Mheshimiwa ulipowasili. Alishuka amevaa suti ya kijivu, na waandishi wakamzunguka kama inzi wa embe. Hakuwa amesoma ratiba. Ratiba zilisomwa na wengine. Aliona buldoza ya njano, akaona neno SHUJAA, akaona mwanamke mwenye nishani juu yake, na macho yakamlowa kwa kujipenda.

"Mbona imesimama? Nataka picha ikitembea!"

"Inasubiri mtu wa mbele, Mheshimiwa," Afisa alinong'ona. "Ni utaratibu wa kijeshi. Wanataka mkubwa atangulie. Lakini Mheshimiwa, ningeshauri..."

"Mkubwa?" Mheshimiwa alikuwa ameshafunga kifungo cha koti. "Na hapa mkubwa ni nani?"

Alikwenda akasimama hatua kadhaa mbele ya bamba la chuma, akanyoosha kifua, akainua mkono. Kutoka juu ya kiti, kupita ukingo wa bamba, Sajini alimwona mtu wa mbele. Mkono wake ukalegea kwenye gia.

Buldoza ikasogea. Mheshimiwa akatembea mbele yake kwa mwendo wa harusi, akipunga huku na huku, kamera zikirudi kinyumenyume mbele yake. Waandishi walisema hawajawahi kuona picha kama hiyo. Hawakukosea. Nyuma yake mgambo walipata ujasiri, wakavuka barabara. Ardhi ilitetemeka. Vikombe vikaanza kugongana kwenye rafu za mabanda. Sajini aliliona banda la mama likija, bati lake lenye kutu, nguzo iliyochimbiwa kwa kijiko. Mtu wa mbele hajainua mikono miwili. Mtu wa mbele akiinua mikono miwili, dereva anasimama. Mpaka hapo, anasogea.

Mama alitoka bandani na birika mkononi, akasimama katikati ya njia.

"Mheshimiwa!" akasema. "Umekuja kunibomolea mwenyewe? Hongera. Wenzako hutuma watu."

Tabasamu la Mheshimiwa lilibaki usoni muda mfupi baada ya mwenyewe kuondoka ndani yake. Alitazama mabanda. Alitazama wanawake, mmoja mmoja. Wengi aliwahi kuwagawia kanga za kampeni. Akageuka, na kwa mara ya kwanza akaliona vizuri lile bamba, pana kama ukuta, likimfuata.

"Ni nini hii?" akamfokea Afisa. "Tunabomoa nini?"

"Kiwanja cha Jengo la Mashujaa, Mheshimiwa. Ulitia saini."

"Na huyo Sajini aliye juu ni binti yangu," mama aliongeza. "Nilimlea kwa birika hili. Mkanyageni mama wa shujaa ili mumjengee shujaa nyumba. Haya, tangulia baba, mbona umesimama? Kamera zinakungoja."

Maikrofoni zote zikageuka kama shingo za bata. Mheshimiwa alifungua mdomo, akaufunga. Kisha, kwa kuwa hakuna mwanasiasa anayekufa akiwa na mikono, akaiinua yote miwili juu kabisa.

Sajini akasimamisha mashine. Akazima injini. Moto wa mama ukasikika ukilia.

"Wananchi!" Mheshimiwa akanguruma. "Nimesikia kilio chenu! Ndiyo maana nimetembea kwa miguu yangu, mbele ya mashine hii, kuizuia! Hakuna bati litakaloguswa!"

Waandishi waliandika. Hakuna mwanamke aliyepiga makofi. Mheshimiwa akampa mama mkono, akausubiri mkono wa mama, akapewa kikombe cha chai. Alikunywa kwa ajili ya kamera, akaungua ulimi, akaondoka.

Msafara ulipokata kona, Afisa alitoka garini. Sasa viatu vyake vilikuwa na ujasiri.

"Leseni," akamwambia Sajini, akinyoosha mkono. "Umechelewesha kazi ya serikali na kumwaibisha kiongozi. Umekataa kurejea uraiani."

"Sijakataa. Nimemfuata mtu wa mbele mpaka aliponisimamisha."

"Leseni!"

Sajini aliitoa mfukoni, akampa. Akampa na ufunguo. Afisa akamsogelea mkuu wa mgambo, akashusha sauti, lakini sauti ya mtu mwenye hasira haishuki vizuri. "Kesho alfajiri. Kabla waandishi hawajaamka. Na tafuteni dereva asiye na mafunzo."

Mama alikuwa amesikia. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, birika bado mkononi.

"Wamechukua leseni," akasema. "Wamechukua na basi lako. Na kesho wanakuja. Tumepata nini, mwanangu?"

Sajini alivua koti la manispaa lenye neno SHUJAA mgongoni, akalitundika kwenye usukani wa buldoza. Akaja, akachuchumaa mbele ya mama yake, akalichukua birika taratibu kutoka mkononi mwake, akajimiminia kikombe.

"Hiki kikombe ndicho kile ulichoniahidi?"

"Ndicho. Kimepoa."

Alikunywa hivyo hivyo, mpaka majani ya chini. Wanawake walikuwa wamesogea, na fundi viatu ameacha sindano hewani. Sajini aliwatazama, kisha akamrudia mama, na akasema kwa sauti ile ya gwaride, ili mgambo wa ng'ambo ya barabara nao wasikie:

"Kesho hutaamka mapema, mama. Utalala mpaka jua litoke. Mimi nitakuja kwa miguu, nitauwasha moto, nitateka maji. Na wakifika hapa, dereva wao yeyote atakayekuwa, atanikuta nimesimama hapa mlangoni, na sitasogea. Nakuahidi."